Kona ya Papa Masika

Kayna iko milimani, mashariki mwa Kongo, katika teritwari ya Lubero, kwenye barabara ya taifa namba 2 ipandayo kutoka Kanyabayonga kuelekea Kirumba, Lubero na mwishowe Butembo. Ni nchi ya maharagwe, viazi na mikaratusi, na ingawa ikweta iko karibu kabisa, jioni zake huwatoa watu makoti. Hadithi hii ni ya huko. Nyumba ninayoisimulia nimeiunga kwa vipande vya nyumba nyingi, kwa hiyo asiitafute mtu. Watoto wake nitawaita kwa majina ambayo Wanande huwapa watoto kwa kufuata zamu ya kuzaliwa: Masika kwa binti wa kwanza, Paluku kwa mvulana wa kwanza. Ukiyaita majina hayo kwa sauti siku ya soko, utageukiwa na nyuso nyingi.

Papa Masika alikuwa na duka la mabati, misumari na rangi. Kila alipokwenda Butembo kuchukua mzigo alipita kwa mfanyabiashara mkubwa anayemuuzia kwa jumla, mmoja wa wale wanaofuata bidhaa hadi Dubai na Guangzhou. Siku moja alikaribishwa ndani, na kwenye sebule ya mwenyeji wake akaona kitu kilichomnyima usingizi: kabati la vioo lililojaa vitabu, zulia chini yake, taa yenye kofia, na viti viwili vidogo vya kochi. “Hapo ni pa watoto,” mwenyeji akamwambia. “Pa kusomea.” Papa Masika hakuuliza kama watoto wanasoma kweli. Aliangalia vioo.

Nia yake siilaumu hata kidogo. Masika alikuwa na miaka minane, yuko darasa la tatu, na tangu Septemba 2019, serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi za umma, madarasa yamejaa hadi watoto wanabanana kwenye madawati. Mwalimu wa darasa la namna hiyo hawezi kukaa na kila mtoto amsikilize akisoma ukurasa mmoja. Hata akitaka, siku haimtoshi. Anayebaki ni mzazi. Paluku alikuwa na miaka mitano, na kitindamimba alikuwa bado hajatimiza mitatu. Ni umri ambao mtoto hujifunza kitabu kwanza kwa mikono na masikio, herufi zikija baadaye. Papa Masika alikuwa na haki ya kuhangaika. Kasoro ni kwamba alihangaika kwa macho ya mgeni.

Seremala alipewa mbao za libuyu na akatengeneza kabati refu kama mlango, lenye vioo mbele, droo mbili chini na kufuli. Likawekwa kwenye kona ya sebule iliyokuwa na giza kuliko zote, kwa sababu upande wa dirisha ulishachukuliwa na makochi ya wageni, na hakuna aliyefikiria kuyasogeza. Vitabu vilinunuliwa kwa kutazama unene na rangi ya jalada. Rafu za chini zilibeba juzuu za ensaiklopedia kwa Kifaransa na kamusi mbili. Vile vichache vyenye picha, vikiwa ghali na vizuri, vilipandishwa rafu ya juu kabisa visichafuliwe. Navyo vilikuwa vya Kifaransa, na watoto waliochorwa humo walivaa glavu na kucheza na theluji. Ufunguo ulikaa kwa Mama Masika, kwenye fundo la kitenge chake. Kanuni zilikuwa tatu: mikono ioshwe, makochi yasikanyagwe, kitabu kirudishwe kilipotoka.

Wageni walisifu. Mkuu wa parokia alisifu, jirani mwenye pikipiki tatu alisifu, na baba mdogo aliyetoka Kirumba alisema ndugu yake sasa ameelimika. Watoto walisimama mbele ya vioo siku ya kwanza, wakaona nyuso zao, wakatoka nje kucheza.

Mtoto wa miaka mitano ana kimo cha mita moja na sentimita kama kumi. Wa miaka mitatu hafiki hata mita moja, au anaifikia kwa shida. Mkono wake ukinyooka bila kuchuchumia hauendi mbali juu ya kichwa chake. Kitabu kilicho juu ya hapo, kwake hakipo. Tena mtoto asiyejua kusoma hawezi kukichagua kitabu kwa kuona mgongo wake. Anakitambua kwa sura ya jalada, yule jogoo, yule mzee mwenye fimbo. Vitabu vikipangwa kwa migongo, kama wapangavyo watu wazima, mtoto anaona ukuta wa mistari. Maria Montessori aliliona hilo tangu zamani. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Watoto wa wafanyakazi waliokuwa wakizurura kwenye ngazi za majengo walipewa viti wanavyoweza kuvibeba wenyewe na vifaa wanavyoweza kuvifikia bila kuomba. Watu wengi leo hulitaja jina lake wanapotafuta shule za ghali. Mimi napenda kukumbuka alianzia wapi.

Paluku alitaka kile cha theluji. Alikuwa amekiona mara moja, mgeni alipofunguliwa kabati, na siku iliyofuata mama yake aliposahau kufunga, akafanya hesabu ambayo kila mtoto wa miaka mitano huifanya: akavuta droo ya chini ikawa ngazi, akavuta ya pili, akapanda. Kabati refu lisilofungwa ukutani husimama kwa sababu uzito wake umetulia nyuma. Ukifungua milango ya vioo na kuvuta droo mbili, uzito huo unakuja mbele, na mtoto akiongeza wake, kabati linamfuata. Masika alikuwa akipita na beseni la vyombo. Aliliacha beseni, akasukuma kabati kwa mgongo huku akipiga kelele. Nyanya yao alikuja mbio, wakalirudisha pamoja. Kioo kimoja kilipasuka, sahani mbili zikavunjika, Paluku akapata mkwaruzo kwenye goti.

Papa Masika aliporudi kutoka dukani alimchapa Paluku na kununua kufuli la pili. Dukani kwake, nyuma ya ndoo za rangi, kulikuwa na boksi zima la vyuma vya pembe na skrubu, vile vile ambavyo seremala hutumia kufunga kabati ukutani. Viwili tu vingetosha, na vingemgharimu chini ya bei ya kufuli. Aliviuza kila wiki kwa watu wengine. Samani yoyote inayozidi kimo cha mtoto ifungwe ukutani kabla kitabu cha kwanza hakijaingia. Na kama ukuta ni wa udongo usioshika skrubu, basi samani hiyo ndefu isiwepo. Sioni mjadala hapo.

Sasa akaamua kwamba shida ni nidhamu. Kona inahitaji saa yake. Akatangaza kuwa kila usiku baada ya kula, saa moja na nusu, watoto watakaa mbele ya kabati na yeye mwenyewe atawafungulia. Huu ulikuwa uamuzi wa mtu anayependa watoto wake, lakini uliisahau nchi anayoishi. Kayna jua huzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, halina majira. Mwanga wa bure upo mchana, na watoto wadogo wametoka shule kabla haujaisha. Yeye aliuacha mwanga huo ukipotea barazani, akaja kuutafuta usiku kwa mshumaa, uliosimamishwa juu ya kifuniko cha mkebe karibu na pazia na mito ya sponji. Sponji hiyo ikishika moto haiwaki polepole, na moshi wake ni sumu. Mke wake alilalamika, akaleta taa ndogo ya jua, na hatari hiyo ikaondoka. Hata hivyo taa iliwekwa mbele ya watoto, ikawapiga machoni na kuacha ukurasa gizani. Taa ya kusomea hukaa nyuma ya bega, juu kidogo, ili mwanga uangukie karatasi.

Halafu mvua. Nyumba ya mabati isiyo na dari, mvua ya milimani ikianza, humsikii aliye kando yako. Kusomea watoto wadogo ni kazi ya sauti, na mtu hawezi kushindana na mabati nusu saa akabaki na hamu. Yeye mwenyewe muuza mabati alijua kwamba dari ya mbao nyembamba, au hata mikeka iliyokazwa chini ya kenchi, hupunguza kishindo hicho sana. Aliahirisha. Kila mtu anayejenga Kayna huahirisha dari.

Na baridi. Watoto walikunja miguu, walisogea sogea, kitindamimba alilia. “Papa Masika, watoto wanasikia baridi,” mama yao alisema. Yeye akajibu kwamba hilo ni dogo, akaenda jikoni akarudi na mbabula, jiko la kubebeka, limejaa makaa, au makala kama yaitwavyo huko.

Mtu wa milimani anajua moshi ni adui, na ndiyo maana alifanya jambo ambalo kila mtu mwangalifu hufanya: alisubiri nje mpaka makala yamekolea, mekundu kote, hakuna moshi hata uzi. Ndipo akaingiza mbabula ndani, akafunga mlango, akaziba uwazi wa chini kwa gunia lililokunjwa, maana upepo wa mvua ulikuwa unapita hapo. Sebule ikapata joto kwa mara ya kwanza tangu kabati liwekwe. Watoto wakavua makoti. Akafungua kitabu cha theluji, akaanza kuwatafsiria Kifaransa kwa Kiswahili, sentensi moja moja, na kwa mara ya kwanza hawakusogea sogea.

Kitindamimba alilala. Paluku akaegemea mto, macho yamelegea. Papa Masika alijiona ameshinda: watoto wametulia, kona imeanza kufanya kazi. Aliendelea kusoma ingawa kichwa kilikuwa kinamgonga, akadhani ni uchovu wa duka. Masika alisema, “Papa, kichwa kinauma.” Akaambiwa avumilie, ukurasa umebaki mmoja. Paluku aliamka ghafla akatapika kwenye zulia. Mama akasema ni ndakala, samaki wadogo wa chakula cha jioni.

Nyanya alikuwa jikoni. Jiko la nyumba hiyo, kama majiko mengi ya huko, lilikuwa kibanda cha pekee uani, kuta zisizofika paa. Alikuja kuazima taa. Alipousukuma mlango gunia lilimzuia, akasukuma kwa bega, na joto lile zito likamgonga usoni. Aliitazama mbabula, akamtazama kitindamimba. Hakuuliza kitu. “Watoeni! Nje! Wote!” Alimbeba mdogo mwenyewe, akakaa naye chini ya upenu, mvua ikimrushia miguuni, akampigapiga mgongoni na kumwita jina. Mtoto alikuwa amelegea, hafungui macho. Masika alitoka akiyumba, akashika nguzo. Papa Masika aliposimama miguu haikumtii, akaangukia kabati.

Jirani mwenye pikipiki aliwapeleka hospitalini, mdogo na mama yake kwanza. Muuguzi alisikiliza habari za ndakala kwa muda mfupi, kisha akauliza swali moja: mlikuwa na makala ndani? Mtoto aliwekewa oksijeni. Kabla ya alfajiri alilia, akataka kunyonya ingawa alikuwa ameachishwa zamani.

Walipona wote. Si kila nyumba inapona. Makala yanapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo monoksaidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Ikivutwa huingia kwenye damu na kukamata nafasi ya oksijeni, kwa sababu damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Mtu hupungukiwa oksijeni huku akipumua sawasawa. Kwanza kichwa, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Na usingizi huo ndio unaoua, kwa kuwa aliyelala hatafungua mlango. Mtoto mdogo hupumua haraka kuliko mtu mzima kwa kulinganisha na mwili wake, kwa hiyo huanza yeye. Moshi ungewafukuza sebuleni mapema, lakini makala mekundu yaliyokwisha kutoa moshi hayamwonyi mtu, na ndiyo yanayotoa gesi hiyo kwa wingi. Kuacha dirisha wazi kidogo si dawa. Mbabula ikae nje, hata ikibaki na majivu ya moto tu. Sisemi kwamba jiko la nyanya ni mahali pa afya, moshi wake umekwisha kumharibu kifua; lakini kuta zisizofika paa zina akili ambayo sebule iliyozibwa haina.

Kwa wiki kadhaa hakuna aliyekaribia kona. Kabati lilibaki limefungwa, na Papa Masika alikuwa akipita mbele yake bila kulitazama.

Aliyeianza kona upya ni Mama Masika, na alianza kwa kutofanya kitu. Aliangalia. Kila alasiri watoto walikuwa wanakaa mahali pamoja bila kuitwa: barazani, upande wa magharibi, ambapo nyanya hukaa akichambua maharagwe. Hapo jua la jioni huingia kwa ulalo chini ya upenu, ukuta umeota joto tangu saa nane, na kuna mtu mzima asiye na haraka. Masika aliandikia hapo kazi za shule, kaye, yaani daftari, juu ya magoti. Paluku alipanga maharagwe kwa rangi. Kona ya kusomea ilikuwepo tayari. Ilikosa vitabu tu.

Napenda hatua hiyo kuliko zote katika hadithi hii, na naona wengi huiruka. Tunataka kununua kabla ya kutazama. Huko Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, shirika la taifa la maktaba lilianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia kwa jamii za wafugaji. Ngamia wanafika, mizigo inateremshwa, mikeka inatandikwa kivulini, watoto wanakaa. Hakuna aliyewajengea ukuta. Walifuatwa walipo, kwa chombo kinachofika walipo. Baraza la nyanya lilikuwa na faida hiyo hiyo.

Mama Masika akachukua kitenge kizito, akampelekea fundi wa kushona jirani na soko, akamwambia ashone mifuko safu tatu juu ya kipande kimoja, kila mfuko uwe mfupi kuliko kitabu ili jalada lionekane nusu. Fundi alidhani ni wa kuwekea viatu. Juu akapitisha fimbo, chini fimbo nyingine ili kisikunjamane, kikaning'inizwa kwa misumari miwili ya duka la mumewe. Safu ya chini iliishia shibiri moja na nusu kutoka sakafuni, ya kitindamimba. Ya juu haikuzidi kidevu cha Paluku. Kikianguka chote, kinaangusha vitabu na fimbo, basi. Chini alitandika gunia, juu ya gunia kirago, juu ya kirago blanketi kuukuu, maana baridi ya watoto wale ilikuwa inatoka kwenye saruji wakati wote, baba yao akiitafuta hewani. Mto mmoja mkubwa wa kuegemea ukutani ukashonewa foronya ya kuvulika, kwa kuwa utakojolewa. Usiku kitambaa kilikunjwa na vitabu vikaingia kwenye kantini ya bati, juu ya matofali mawili, kando na ukuta kidogo. Panya na unyevu wa ukuta humaliza karatasi kabla ya watoto kuimaliza.

Vitabu gani? Hapo palikuwa na kazi. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inataka mtoto aanze kusoma kwa lugha ya taifa au lugha ya mazingira yake, na upande wa mashariki shuleni hiyo ni Kiswahili. Nyumbani mwao ni Kinande. Kabatini palikuwa na Kifaransa. Njaa ya vitabu vya watoto vya Kiswahili si ya Kayna peke yake. Hata Tanzania, nyumbani kwa Kiswahili, ilibidi uanzishwe mradi wa vitabu vya watoto mwaka 1991 ili wapatikane waandishi, wachoraji na wachapishaji wa kuandikia watoto. Mama Masika alipata msaada kwa mwalimu wa shule ya chekechea aliyekuwa na simu yenye intaneti. African Storybook, mradi uliozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2014, huweka hadithi fupi zenye picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake inaruhusu mtu kuchapa na kugawa bila kulipa. Walichapa chache kwenye duka la fotokopi, karatasi zikakunjwa katikati na kushonwa kwa uzi. Wino mweusi mtupu; Paluku akazipaka rangi mwenyewe, simba akawa wa zambarau.

Vingine vilitoka kwa nyanya. Yeye akisimulia kwa Kinande habari za sungura na chui, Masika aliandika kwa Kiswahili kwenye kurasa za kaye, sentensi moja kila ukurasa, na kubishana naye kila mara: nyanya alisema jana chui alikufa, leo mbona anakimbia? Nyanya alisema chui wa leo ni mwingine. Majalada yalikatwa kwenye maboksi ya misumari. Vitabu hivi ndivyo vilivyochakaa haraka kuliko vyote, kwa hiyo ndivyo ninavyoviamini.

Papa Masika hakufurahi. “Mama Masika, mgeni akifika mlangoni anaona magunia na karatasi za maboksi. Watu watasema nini?” Mkewe aliendelea kumenya viazi. “Watasema tuna watoto.” Yeye akaingia ndani, akatoka na vyuma viwili vya pembe, akalifunga kabati ukutani, na bila kusema neno akateremsha vile vya picha kutoka rafu ya juu na kuvileta barazani. Cha theluji kilipoteza jalada ndani ya wiki. Jumapili alasiri, duka limefungwa, alianza kukaa nao, mdogo mapajani, akisoma vibaya Kiswahili cha vitabuni, Masika akimsahihisha. Aliyetaka kusoma alisoma. Aliyechoka alichambua maharagwe. Hakukuwa na saa iliyotangazwa.

Mwishoni mwa Juni 2024, Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 na vita vikapanda barabara hiyo hiyo kuelekea Kayna na Kirumba, watu waliondoka kwa miguu, kwa pikipiki, juu ya magari ya mizigo, wengi wakielekea Lubero na Butembo. Kabati la libuyu lilibaki limefungwa vizuri sana ukutani. Kitambaa cha mifuko kilikwenda, na nisidanganye kwamba mtu aliokoa elimu: Mama Masika alikihitaji kufungia sahani zisivunjike ndani ya kitunga, akakikunja kama kilivyokuwa, vitabu vikiwa humo. Njiani, walipolala kwenye darasa la shule wakiwa familia nyingi, alikifungua kutafuta kijiko, na watoto wa watu wakatoa vitabu kabla hajakipata.

Butembo walipokelewa na baba mkubwa, katika nyumba iliyokuwa tayari na watoto sita. Hakuna baraza la magharibi pale. Upande huo ni ukuta wa jirani. Mama Masika alizunguka nyumba mchana kutwa akitazama mwanga unaingia wapi, akaishia kwenye ukumbi mwembamba kati ya mlango wa nyuma na jiko, ambapo jua hupita asubuhi kuanzia saa mbili. Si saa nzuri kwa wanaokwenda shule, lakini waliofukuzwa na vita walikuwa bado hawajapata shule. Baba mkubwa alikubali misumari miwili, akakataa wa tatu. Ugomvi ulianza siku hiyo hiyo. Watoto wa mwenyeji walikuwa wakubwa, wakataka kitambaa kipandishwe; mjukuu wake mchanga, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, alifika safu ya chini na kula pembe ya hadithi ya chui. Masika alidai mchanga azuiwe. Nyanya alisema mchanga apewe chake, na pembe iliyoliwa ishonewe. Mama Masika akaenda kutafuta fundi wa kushona mwenye vipande vya plastiki ngumu, ashone mfuko mmoja wa ziada karibu na sakafu, na fundi wa Butembo akataka bei mara mbili ya yule wa Kayna, akisema mtu aliyekimbia vita akiwa anafikiria mifuko ya vitabu bila shaka ana pesa.